Ufunguo wa akiba wa pikipiki na gari: kuupokea, kuupima, kuutunza na kuchonga mwingine kutoka kwake

Pikipiki mpya inapotoka dukani, funguo zake mbili huwa zimefungwa pamoja kwa kipande cha waya au pete moja, na kando yake huning'inia kibati kidogo chenye namba. Wanunuzi wengi huzitumbukiza mfukoni vivyo hivyo na kuondoka. Zinaendelea kukaa pamoja miezi sita, mwaka, hadi siku pete nzima inapodondoka njiani. Hapo aliyekuwa na funguo mbili anabaki hana hata mmoja, na ile namba ambayo ingemsaidia kuchongesha mwingine imekwenda nazo.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujapiga kiki: zitenganishe. Mmoja ni wa kazi. Wa pili usiutumie kabisa, kwa sababu ndio kielelezo ambacho kila ufunguo utakaochongwa baadaye utafuata. Kibati cha namba kisikae na huu wala na ule.

Unachopaswa kukabidhiwa

Pikipiki za biashara tunazozijua, kama Boxer, TVS HLX na Haojue, pamoja na bajaji za matairi matatu, huja na funguo mbili za chuma kitupu zisizo na chipu. Ufunguo mmoja hufanya kazi zote: swichi, loki ya usukani, kifuniko cha tangi, na kiti au kifuniko cha pembeni kulingana na modeli.

Pikipiki kubwa za Kijapani ni habari nyingine. Honda zenye mfumo wa HISS, yaani imobilaiza (kizuizi kinachokataza injini kuwaka bila ufunguo uliosajiliwa), zina chipu ndani ya kichwa cha ufunguo, na mfumo husajili hadi funguo nne. Yamaha zenye imobilaiza huja na funguo tatu: mbili nyeusi za kutumia kila siku na mmoja mwekundu wa kusajilia nyeusi mpya. Huo mwekundu usiendeshee pikipiki. Ukipotea, funguo nyeusi ulizonazo zitaendelea kuwasha, lakini hutaweza kusajili nyingine, na siku zote zikiisha itabidi kubadilisha mfumo mzima, swichi na kompyuta yake. Kuna wanaonunua Yamaha ya mtumba bila kuuliza kama mwekundu upo. Uliza kabla ya kuongea bei.

Gari jipya kwa kawaida huja na funguo mbili na kibati cha namba. Toyota za miaka ya 1990 na 2000 mara nyingi zilikuwa na tatu: mbili zenye kichwa cheusi, na mmoja wa kijivu wa kumwachia mtu anayekuegeshea gari. Wa kijivu huwasha injini na kufungua mlango, lakini haufungui buti wala droo ya dashibodi, na kwenye mifumo mingi hauwezi kutumika kuongeza ufunguo mpya. Ukiuziwa gari lenye wa kijivu peke yake, jua kwamba kwa upande wa usajili ni kama umepewa gari lisilo na ufunguo.

Gari la mtumba kutoka Japani mara nyingi hufika na ufunguo mmoja tu. Ufunguo huo husafiri na gari, kwa sababu lazima liendeshwe kupandishwa na kushushwa melini, na njiani hupita mikono mingi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi ziko funguo ngapi, na kama upo wa pili, aombwe kuutuma pamoja na nyaraka badala ya kuuacha ndani ya droo.

Kupima palepale dukani

Usikubali kuambiwa "zote zinafanya kazi". Pima kila ufunguo kwenye kila loki, kwa mpangilio huu:

1. Swichi: chomeka, zungusha hatua zote, rudisha, chomoa. Usikwame popote.
2. Loki ya usukani: geuza usukani kushoto, funga, fungua. Kwenye pikipiki fanya mara tatu.
3. Kifuniko cha tangi, kisha kiti au kifuniko cha pembeni.
4. Kwa gari: mlango wa dereva, mlango wa abiria kama una tundu, buti, droo ya dashibodi.
5. Washa injini kwa kila ufunguo na uiache iungurume dakika nzima. Baadhi ya magari hukubali kuwaka kwa ufunguo usiosajiliwa kisha huzima ndani ya sekunde chache. Ukizima mwenyewe haraka hutagundua.

Kama ni gari la kuwasha kwa kitufe, lenye ufunguo usiochomekwa, kuna mtego hapa. Ukiwa na funguo zote mbili mfukoni, gari litasoma huo mzima na wewe utadhani unapima mbovu. Mpe mtu mmoja wapo asogee mbali, mita kumi au zaidi, ndipo upime uliobaki. Kisha chomoa ule ufunguo mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti (kuna kitufe kidogo cha kusukuma pembeni) na ufungue nao mlango wa dereva. Kwenye magari ya mtumba kipande hiki mara nyingi hakipo, au kipo lakini ni cha gari jingine.

Hati ya makabidhiano iandike idadi ya funguo na namba iliyo kwenye kibati. Hili si urasimu. Gari lenye bima kubwa likiibwa, kampuni nyingi za bima huomba funguo zote kabla ya kulipa, na asiyeweza kuonyesha wa pili huanza kuulizwa maswali.

Namba ya ufunguo

Namba hiyo, ambayo kwenye Toyota nyingi ni ya tarakimu tano, hueleza kina cha kila mkato. Fundi mwenye mashine ya kuchonga kwa namba, au wakala wa kampuni, anaweza kukutengenezea ufunguo bila kuona wa zamani. Na atakachotoa ni ufunguo wa kiwandani usio na uchakavu wowote, bora kuliko nakala yoyote.

Kwa sababu hiyohiyo, namba ni ufunguo. Kibati kikiwa kwenye pete, anayeokota pete anaweza kuchongesha mwingine na kukurudishia wako kwa tabasamu. Inakili mahali pawili: daftari la nyumbani na simu yenye nywila. Usiandike namba ya gari pembeni yake. Na usipige picha ya ufunguo wenyewe ukaiweka mtandaoni siku ya kusherehekea chombo kipya: mikato inayoonekana wazi kwenye picha inatosha kwa fundi mzoefu.

Je, ufunguo wako una chipu?

Hili lijue mapema, maana ndilo linaloamua kama kuchonga mwingine ni bei ya chakula cha mchana au ni pesa ya kupangia bajeti.

Kwa gari la ufunguo wa kuchomeka, chukua karatasi ya alumini ya jikoni, zungushia kichwa chote cha plastiki mara mbili au tatu, ukibakiza shina wazi, kisha jaribu kuwasha. Injini ikizunguka bila kuwaka, au ikiwaka na kuzima mara moja, huku taa ya alama ya ufunguo ikimweka kwenye dashibodi, una chipu. Ikiwaka kama kawaida, rudia ukiwa umekaza karatasi vizuri zaidi. Ikiwaka tena, ufunguo wako ni wa chuma kitupu, hata kama kichwa chake kina vitufe vya rimoti. Vitufe vya kufungulia milango na chipu ya kuwashia injini ni vitu viwili tofauti, na Toyota ndogo nyingi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina vitufe bila chipu.

Kwenye Toyota nyingi zilizouzwa nje ya Japani, tazama pia shina karibu na kichwa. Kitone, herufi G au herufi H iliyogongwa hapo huonyesha kizazi cha chipu. Mwambie fundi alama hiyo kwa simu kabla ya kwenda, asije akakosa chipu inayofaa ukiwa umeshapoteza nauli.

Kuchonga ufunguo mwingine

Kosa linaloharibu funguo nyingi ni kumpa fundi ule wa kazi. Ufunguo uliotumika miaka mitatu kwenye vumbi umelika. Ndani ya loki kuna vibamba vyembamba, na kila mkato unatakiwa kukinyanyua kibamba chake hadi usawa halisi. Tofauti kati ya kina kimoja na kingine ni sehemu ndogo ya milimita. Mashine ya kunakili haijui mkato wa asili ulikuwaje. Inafuata kilicho mbele yake, na kuongeza kosa lake dogo. Nakala ya ufunguo uliolika hufanya kazi wiki mbili, kisha huanza kubembelezwa. Nakala ya nakala hata haigeuki. Toa ule wa akiba, uchongwe kutoka kwake, urudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ukifika kwa fundi, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au kibanda cha mtaani kwenu, kaa umwangalie. Mambo ya kutazama:

Blanki, yaani ufunguo ambao bado haujachongwa. Iweke sambamba na ufunguo wa asili kabla haijachongwa. Mfereji wa ubavuni ufanane kabisa, urefu uwe sawa, unene uwe sawa. Blanki nyembamba kidogo itaingia lakini itacheza ndani ya swichi. Epuka zile laini za rangi ya fedha zinazopinda kwa vidole. Hizo ndizo zinazokatikia ndani. Shaba ngumu au chuma chenye nikeli ni bora.

Kufunga kwenye mashine. Ufunguo wa asili na blanki hubanwa kwenye vibano viwili, mabega yake (vituo vilivyo mahali shina linapokutana na kichwa) yakiwa usawa mmoja. Bega likiteleza nusu milimita, mikato yote huhama kuelekea ncha au kichwa, na ufunguo utaonekana mzuri kwa macho ila hautageuka. Fundi mzuri hugusisha kwanza kipimo chake kwenye mabega yote mawili kabla ya kuwasha mashine.

Kusafisha kingo. Baada ya kuchonga hubaki vinyuzi vikali vya chuma. Viondolewe kwa brashi ya mashine. Fundi akianza kupiga tupa mikato yenyewe "ili uingie vizuri", amekosea vipimo na sasa anabahatisha.

Halafu weka funguo mbili ubavu kwa ubavu, zielekeze kwenye mwanga. Mikato ilingane kabisa.

Jaribio la kwanza lifanye kwenye loki isiyotumika sana: tangi kwa pikipiki, mlango wa abiria au buti kwa gari. Swichi imelika pamoja na ufunguo wa zamani, hivyo inaweza kusamehe kosa. Loki ngeni haisamehe. Ukigeuka huko bila kutikiswa, ufunguo ni mzima. Usiulazimishe kwa nguvu kwenye swichi hata kidogo.

Pikipiki zenye kizibo cha sumaku juu ya tundu la swichi zinahitaji uangalifu wa ziada. Kichwa cha ufunguo wa asili, au ncha yake ya pili, kina umbo lenye sumaku ndani linalofungua kizibo. Blanki ya kawaida haina. Utachonga ufunguo sahihi kabisa, kisha mtu akifunga kizibo utabaki unauangalia tu. Tafuta blanki yenye sumaku, au uache kizibo wazi moja kwa moja.

Magari yenye chipu

Kuna njia mbili, na muulize fundi anatumia ipi. Ya kwanza ni kunakili chipu: kifaa husoma chipu ya zamani na kuandika maelezo yaleyale kwenye mpya. Gari halitambui tofauti, linaona ufunguo uleule. Ni haraka na haigusi kompyuta ya gari, lakini nakala hiyo ikipotea huwezi kuifuta bila kufuta na wa asili. Ya pili ni kusajili: chipu mpya yenye utambulisho wake huongezwa kwenye kumbukumbu ya gari kwa kifaa kinachochomekwa chini ya usukani. Hii ni bora, kwa sababu baadaye unaweza kuufuta uliopotea na kubakiza mwingine.

Peleka funguo zote ulizonazo. Nissan nyingi, zinaposajiliwa mpya, hufuta orodha yote na kuanza upya. Ufunguo ulioachwa nyumbani utarudi kuukuta umekuwa kipande cha chuma. Mwambie fundi pia akuonyeshe idadi ya funguo zilizosajiliwa, kama kifaa chake kinaisoma. Umenunua gari la mtumba lenye ufunguo mmoja na kompyuta inasema zipo tatu? Afute mbili.

Rimoti za kununua mtandaoni huwakwaza watu kwa masafa. Gari la soko la Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315 au chini kidogo, la Ulaya 433.92. Umbo la rimoti laweza kufanana kabisa na isisikike. Na rimoti iliyotumika ya gari la kuwasha kwa kitufe mara nyingi imejifunga kwa gari lake la kwanza. Inabidi ifunguliwe kwanza na fundi mwenye kifaa cha kazi hiyo.

Hata kama gari lako lina chipu, chongesha pia nakala moja ya chuma kitupu. Haitawasha injini, ila itafungua mlango siku ufunguo unapobaki ndani, na ni rahisi kwa bei. Hiyo unaweza hata kumwachia jirani.

Kutunza

Wa akiba ukae nyumbani, mahali pakavu, na mtu wa pili apajue. Usiuache ndani ya gari. Anayevunja kioo huanza na droo ya dashibodi. Ukisafiri mbali, aubebe mwenzako, si wewe.

Rimoti za magari ya kitufe hula betri hata zikiwa zimelala, kwa sababu husikiliza muda wote. Kwenye Toyota betri hudumu kati ya mwaka mmoja na miwili, itumike isitumike, na huisha haraka zaidi ikiwekwa karibu na televisheni au kompyuta. Toyota nyingi za karibuni zina namna ya kuilaza: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, taa ndogo imweke mara nne. Kubonyeza kitufe chochote huiamsha. Unapobadilisha betri, soma namba iliyo juu ya ya zamani: CR2032 maana yake kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2025 ni 2.5. Zote ni volti 3, lakini nyembamba italegea na kukatakata mawasiliano. Kilichotoka kitupe mbali na watoto, kwani kikimezwa huunguza koo.

Betri ikifa kabisa, gari bado linawaka. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia (kwa Toyota, upande wenye nembo), ukisikia mlio bonyeza. Kengele ikilia ulipofungua mlango, itanyamaza injini ikiwaka.

Ule wa kazi nao usiubebeshe mzigo. Rundo la funguo za nyumba, kopo la kufungulia soda na kishikizo cha shaba hutikisika kwenye swichi ya pikipiki kutwa nzima na kuila. Si jambo dogo: mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita yarudishwe kutengenezwa magari milioni 2.6 hivi ambayo swichi zake ziliweza kujizima safarini, na wamiliki waliambiwa watoe kila kitu kwenye pete wabaki na ufunguo peke yake hadi swichi ibadilishwe.

Loki ikikaza kwa vumbi usimimine oili wala mafuta ya kupikia. Hushika vumbi na kugeuka tope. Tumia unga wa grafaiti. Risasi ya penseli iliyosagwa, ikapakwa kwenye mikato, inatosha. Chomeka na kuchomoa mara kumi, futa, rudia.

Ufunguo ukipotea au ukikatika

Ukipoteza wa kwanza, hapo ndipo uharakishe. Watu hupumua kwa kuwa wa akiba upo, wanaanza kuutumia, na mwaka unaisha. Chonga mwingine ndani ya wiki hiyo. Kwa gari lenye chipu tofauti ni kubwa: kuongeza ufunguo wakati mmoja uliosajiliwa upo ni kazi ya dakika chache; ukiwa huna hata mmoja, fundi lazima aweke upya imobilaiza, na kwenye baadhi ya modeli afungue kompyuta na kusoma kumbukumbu yake moja kwa moja.

Pikipiki isiyo na chipu, zote zikipotea na namba haipo, bado ina njia. Fungua bolti za loki ya kiti au ya kifuniko cha pembeni, umpelekee fundi funguo loki yenyewe. Atasoma vibamba vyake na kuchonga. Ikishindikana, seti nzima ya swichi, kifuniko cha tangi na loki huuzwa pamoja na funguo zake mbili. Loki ya usukani ikiwa imefungwa, pikipiki itabidi ibebwe, hivyo mwite fundi aje ilipo.

Ukikatikia ndani, usichomeke kitu kingine kusukuma, kipande kitazama. Tundu likiwa limegeuka, kipande hakitoki hadi lirudi kwenye nafasi ya kuchomolea, kwa hiyo lirudishe taratibu kwa bisibisi bapa. Puliza mafuta mepesi, ingiza ubavuni mwa kipande usu mwembamba wa msumeno wa kukatia chuma, meno yakiangalia nje, ukamate na uvute. Gundi usijaribu. Vipande vyote viwili vihifadhi. Vikiunganishwa kwenye kibano cha mashine hutosha kuchonga mzima, ingawa wa akiba ungekuwa bora.

Kwa pikipiki ya mkataba, tajiri kwa kawaida hubaki na wa akiba pamoja na kadi, na hilo ni sawa mradi limeandikwa. Mkataba useme pia nani analipia kuchonga wa kazi ukiisha, na kwamba siku ya deni la mwisho kijana anakabidhiwa kadi, ufunguo wa akiba na kibati cha namba. Akipewa kadi tu, abadilishe seti ya swichi kabla hajalaza pikipiki nje.